Mfuko wa Tope Kando ya Mtungi

Bibi yangu, mzaa mama, aliniuliza swali moja tu kuhusu samaki wangu, na ilinichukua karibu mwaka mzima kulielewa. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mimi nimesimama mlangoni na ndoo, ndani yake samaki kumi na mmoja, wote wamekufa. Hakuinua macho. Akauliza, "Kwani huko kwao maji hayakauki?"

Ilikuwa Mei 2008, siku ya tatu tangu Unguja nzima iwe gizani. Umeme wetu hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mwaka ule hitilafu moja ilituzimia taa tangu tarehe 21 Mei hadi katikati ya Juni. Mimi ni fundi wa friji. Umeme ukikatika sina kazi, kwa hiyo nilikuwa nyumbani muda wote, nikiwatazama samaki wakipanda juu kutafuta hewa, midomo imegusa uso wa maji, mmoja mmoja mpaka wakaacha.

Samaki hawa nawajua tangu utoto. Katika bonde la mpunga alikolima bibi kuna madimbwi ambayo ng'ombe hunywa, maji yake yamevurugika mpaka yanafanana na chai ya maziwa. Mvua zikishakolea tulikuwa tunaingia watoto wawili wawili, kila mmoja ameshika ncha mbili za kanga kuukuu, tunaikokota chini halafu tunainua kwa ghafla. Juu ya kitambaa kilichojaa tope, katikati ya viluwiluwi vya vyura na makombe ya konokono, kulikuwa na kitu kinachorukaruka chenye rangi ambazo bonde zima halina: mwili wa buluu inayoelekea kijani, kila gamba limezungushiwa wekundu, mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, na pembeni ya mkia mstari mweusi mwembamba. Hilo ni dume. Jike ni wa kijivu, mpole wa rangi, na tulikuwa tunamrudisha majini tukimdhani samaki wa aina nyingine.

Tuliamini wanashuka na mvua. Ungetufanya tuamini vipi vinginevyo? Mwezi wa Februari dimbwi lile lilikuwa udongo mweusi uliopasuka, nyufa zake zinameza mguu wa mtoto mpaka kwenye kifundo. Hapana mto unaoingia pale, hapana mfereji. Mei ikifika, samaki wamo.

Jina lao la kitaalamu nilikuja kuambiwa mtu mzima, tena kazini. Mwishoni mwa 2007 niliitwa kutengeneza friji kwenye nyumba moja ya wageni, nikamkuta Mjerumani wa makamo amekaa barazani na mfuko wa plastiki wenye maji, ameuinua kwenye mwanga, anatabasamu peke yake. Ndani walikuwamo wale wale samaki wa bonde la bibi. Akaniambia wanaitwa Nothobranchius guentheri, na kwamba duniani kote kwao ni kisiwa hiki tu. Waliandikwa katika vitabu vya elimu ya viumbe mwaka 1893 na Georg Pfeffer wa Hamburg, kutokana na samaki waliokusanywa Afrika Mashariki na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889, na jina wakapewa la Albert Günther, bingwa wa samaki wa jumba la makumbusho la London. Huko Ulaya, akasema, wako watu wanaowazalisha majumbani mwao, kizazi baada ya kizazi, bila kuliona dimbwi la Unguja maishani mwao. Nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi. Sijui nieleze vipi nilichohisi. Ni kama kuambiwa kwamba wimbo unaoimbwa na watoto wa mtaani kwenu unafundishwa shule za mbali.

Akanionyesha pia kimfuko kidogo chenye kitu cha kahawia, chepechepe, mfano wa tumbaku ya kutafuna. "Samaki wa mwakani hawa hapa," akasema. Samaki wakubwa hufa dimbwi linapokauka. Mayai yao hubaki ndani ya udongo, hai, yakingoja maji. Basi hiyo ndiyo mvua tuliyokuwa tukiwasubiri washuke nayo. Nilimsikiliza kwa makini, lakini nikabeba nusu tu ya maneno yake: kwamba tope likitiwa maji, samaki hutoka.

Tangi langu la kwanza lilikuwa zuri kwa macho ya watu. Fundi wa vioo alinikatia kioo cha milimita sita nikaunganisha kwa silikoni: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Nikamwaga changarawe za buluu za dukani, nikasimamisha kasri la plastiki, nikatia maji safi yasiyo na doa, na juu yake taa kali. Kisha nikatia samaki kumi na wanne niliowavua kwenye vuli ile, madume tisa kati yao, kwa kuwa madume ndio wenye rangi. Yalitokea yale ambayo mtu yeyote anayewajua samaki hawa angeyatabiri. Madume walipigana mpaka mapezi yakawa kama kitambaa kilichochanika. Majike walifukuzwa kutwa, hawana pa kujificha, wakawa wanasimama wima pembeni kwenye kona ya kioo. Baada ya mwezi nikaona vumbi la rangi ya dhahabu juu ya ngozi zao, kama mtu amewanyunyizia bizari. Huo ni ugonjwa wa vimelea ambao huwapenda mno samaki wa jamii hii, na watatu walikufa kabla sijajua kwamba kinga yake ni chumvi ya jikoni, kijiko cha chai kwa kila lita tano za maji au karibu na hapo.

Hata hivyo walitaga. Nilikuwa nimeweka bakuli la vumbi la makumbi ya nazi chini kama nilivyoelekezwa, na katikati ya Aprili 2008 nikalitoa, nikalikamua, nikalifunga kwenye mfuko. Wiki tano baadaye ndipo taa zilipozimika na pampu ya hewa ikanyamaza.

Sasa narudi kwenye swali la bibi. Aliposema maji hukauka huko kwao, mimi nilisikia kumbusho: kumbe nina tope! Siku ile ile, na ndoo ya maiti bado iko uani, nikaufungua mfuko nikamwaga vumbi lile kwenye beseni, nikatia maji. Nilikuwa na huzuni na nilitaka iishe kabla ya jua kuchwa.

Na walitoka. Kufikia magharibi, kwa mwanga wa kandili, niliwaona: nyuzi fupi zenye macho mawili, ishirini na kitu. Nililia. Asubuhi nikagundua kwamba hakuna hata mmoja anayeelea. Walikuwa chini ya beseni, wanajisukuma kwa tumbo, wanaruka kidogo mfano wa chapati inayovimba kikaangoni kisha wanatua tena. Samaki anayetoka katika yai akiwa tayari huwahi kukijaza hewa kibofu chake ndani ya saa za mwanzo, na hicho ndicho kinachomwinua. Anayetolewa kabla ya wakati hukikosa, na hakijazi tena. Niliwalisha kwa tone la maji, mmoja mmoja, siku kumi na mbili. Mkubwa wao alifikia urefu wa punje ya mchele, na alikufa akijaribu kukimbilia chakula kilichokuwa kidole kimoja juu yake.

Mtu atasema walikuwa samaki tu. Mimi najua niliwatoa ndani ya nyumba yao kabla nyumba haijakamilika, kwa sababu ya uchungu wangu mwenyewe, na sijapata kulisahau hilo.

Februari 2009 nilimsindikiza bibi bondeni kwenda kusafisha shamba. Jua la kiangazi lilikuwa kali, na dimbwi la ng'ombe lilikuwa limekauka kabisa. Mvua ya rasharasha ilikuwa imepita usiku wa juzi yake, baadhi ya nyayo za ng'ombe zilikuwa zimetuamisha maji, nikamuuliza bibi kwa nini hakuwahi kumwaga mbegu. Akasema ile si mvua ya kupanda, ni ya kulaghai. Alisema hivyo huku anakata magugu, wala hakuwa na nia ya kunifundisha samaki. Nikalitazama dimbwi, nikainama, nikabandua pande la udongo mahali ambapo tope lilikuwa zito kuliko kwingine. Juu lilikuwa kavu kama tofali. Kiganja kimoja chini, lilikuwa baridi na lenye unyevu.

Nililibeba pande hilo nyumbani ndani ya kitambaa. Jirani yangu ni fundi saa, akaniazima lenzi yake ya jicho. Nilikaa uani kutwa nzima nikimomonyoa udongo kwa mwiba wa mchungwa, na alasiri nikaona duara moja linalong'aa, kubwa kidogo kuliko milimita moja, ganda lake limeshikwa na chembe za udongo. Nikaligeuza kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na kiumbe aliyejikunja mkia ukagusa kichwa, na jicho lake jeusi limezungushiwa pete ya dhahabu. Lilikuwa linanitazama. Nyuma yake ilikuwa imepita mvua ya juzi, na hakutoka.

Nilimwambia bibi, "Bibi, nimemwona mtoto wa samaki ndani ya udongo mkavu."

"Basi mrudishe," akasema. "Wakati wake bado."

Nikamrudisha kesho yake, na pande lake zima.

Masika ya mwaka ule nilivua samaki wanne tu: dume mmoja, majike watatu. Tangi nililibomoa nikalianza upya. Changarawe za buluu nilizitupa. Chini nikaweka mchanga wa mtoni na udongo kidogo uliochemshwa, kwenye kona nikapanda yungiyungi changa, na juu ya mchanga nikatandaza majani ya mkungu. Hapa naomba niseme jambo kuhusu mkungu. Miti hii imejaa pwani nzima, tunaikalia kivulini, watoto wanaponda kungu wakala kiini, na majani yake mekundu yakipukutika tunayafagia tukayachoma. Wafuga samaki wa nchi za mbali hununua majani hayo, yakiwa makavu, kwa kuhesabu moja moja. Jani likilowa hutoa rangi ya chai, maji yanakuwa laini kwa macho ya samaki, ukungu wa mayai unapungua, na samaki mwoga anapata pa kujifunika. Mimi nilikwenda kuyaokota nyuma ya msikiti, nikajaza kikapu.

Maji yale, wageni wangu waliyaona machafu. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kina chake sentimita ishirini, taa nimeiondoa na badala yake mwanga wa dirishani. Chujio lilikuwa la sponji, linasukumwa na hewa kidogo sana. Lakini siku ya pili dume alikuwa na wekundu ambao sikuwahi kuuona katika tangi la kwanza. Majike walikuwa wakimtoroka nyuma ya majani, wakapumzika, wakarudi wenyewe. Chumvi nilitia tangu mwanzo, na vumbi la dhahabu halikuonekana tena.

Kwa ajili ya kutagia nilitumia vumbi la usumba. Wanawake wa mashariki ya Unguja hufukia makumbi ya nazi pwani kwa miezi, halafu huyafukua na kuyatwanga wakapata nyuzi za kusokotea kamba. Lile vumbi linalobaki baada ya kutwanga hakuna anayelitaka. Nililichemsha mara tatu, nikimwaga maji kila mara, mpaka chumvi ya bahari ikatoka na maji yakaacha kuwa meusi. Likitua chini ya bakuli huwa laini na zito, karibu kabisa na tope la bondeni, na unaweza kulikamua bila kuvunja mayai.

Namna wanavyotaga, nimeitazama jioni nyingi na sijachoka. Dume humkabili jike kwa ubavu, mapezi yote yamefunguka, anatetemeka. Jike asipotaka huondoka. Akitaka, hushuka taratibu mpaka mdomo unakaribia usumba. Dume humlalia kwa pembeni, pezi lake la mgongoni likamfunika mwenzake begani, mfano wa mtu anayemtupia mkewe upande wa kanga kwenye upepo. Wote wawili hujipinda, hutetemeka kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, halafu hutikisika kwa nguvu mara moja. Vumbi linaruka. Yai moja limezama. Moja tu, kisha wanaanza tena. Jioni moja nilihesabu tisa kabla ya adhana ya isha.

Kila baada ya wiki mbili nilikuwa natoa bakuli na kuukamua usumba ule kwenye kifumbu cha bibi, kile cha kuchujia tui. Bibi alikitambua kwa harufu, na nililazimika kumnunulia kipya siku hiyo hiyo. Kukamua kwenyewe kunataka kiganja kijue. Ukiacha maji mengi, mayai yanaoza. Ukikausha mno, yanasinyaa yakabonyea kama mpira uliotoboka. Unyevu ulio sawa ni ule ambao ukiuminya usumba unashikana, wala hautoi tone.

Mfuko ninaotaka kuuzungumzia niliufunga tarehe 6 Desemba 2009. Tarehe 10 umeme ukakatika tena.

Safari hii haikuwa mwezi mmoja. Ilikuwa miezi mitatu, mpaka tarehe 9 Machi 2010, na aliyekuwapo Unguja hana haja ya kuelezwa. Pampu za maji zilisimama pamoja na taa. Foleni za visimani zilianza kabla ya alfajiri. Ndoo ya maji iliyoingia nyumbani kwetu ilikuwa ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia, na sikuthubutu hata siku moja kuomba ya samaki. Nilipunguza chakula, nikawapepea maji kwa kata asubuhi na jioni. Walikuwa wameshakuwa wazee. Samaki hawa wakitunzwa vizuri nyumbani huishi miezi kadhaa, mwaka ukizidi, na wangu walikuwa na zaidi ya miezi saba. Majike walitangulia. Dume alikufa katikati ya Januari, mgongo umepinda, wekundu umepauka ukawa rangi ya matofali.

Nikabaki na mfuko. Mkono ulikuwa unaniwasha kuufungua, nakiri. Joto la chumbani lilikuwa linapita nyuzi 31 kwa kipimajoto changu cha kazini, na nilihofia mayai yatapikika. Bibi ndiye aliyeutoa uvunguni mwa kitanda changu akaupeleka ukumbini, akauweka sakafuni ukiegemea mtungi wa maji. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho lile hupoza. Nikapima: nyuzi 26. Mimi ni mtu niliyesomea ubaridi, na sikuwa nimelifikiria hilo.

Katika miezi hiyo nilijifunza kinachoendelea ndani ya yai, sehemu kwa maelezo ya yule Mjerumani kwa barua, sehemu kwa lenzi. Kiinitete cha samaki hawa kinaweza kusimamisha ukuaji wake mara tatu. Mara ya kwanza ni mapema kabisa, chembe zikiwa bado zimetawanyika na mwili haujaanza kuonekana. Mara ya pili ni katikati, mwili umeshajichora na moyo umeshaanza. Hapo mapigo hupungua na kiumbe hulala kwa wiki, hata miezi. Mara ya tatu ni mwisho, mtoto amekamilika, amejaa ganda lote, macho yana pete ya dhahabu, anangoja maji tu. Lakini lililonishangaza ni hili: ndugu wa tumbo moja, waliotagwa jioni moja, hawasimami pamoja wala hawaamki pamoja. Wengine huharakisha, wengine hulala mara zote tatu. Ndiyo maana ile mvua ya kulaghai haiwezi kuwamaliza. Ikiwatoa wepesi na jua likarudi, wazito bado wako chini.

Wataalamu wameligeuza jambo hili kuwa elimu kubwa. Jamaa yao mmoja, Nothobranchius furzeri, alipatikana Gonarezhou huko Zimbabwe na akapewa jina mwaka 1971. Uhai wake ni mfupi kiasi kwamba maabara za kuchunguza uzee, pamoja na moja kubwa ya Köln nchini Ujerumani, humfuga ili waone ujana na ukongwe ndani ya miezi michache, na mwaka 2015 ramani ya vinasaba vyake ilichapishwa. Watafiti waliowafuatilia kwenye madimbwi ya Msumbiji waliripoti mwaka 2018 kwamba wapo wanaokomaa na kuzaa siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Nafurahi wanasomwa. Ningefurahi zaidi kama mtoto wa shule ya Unguja angejua kwamba yule mrembo wa dimbwini kwao ana ukoo huu. Isitoshe, chakula chao wakipendacho ni viluwiluwi vya mbu, na tangu miaka ya 1940 wapo walioandika kwamba samaki wa jamii hii ni askari wa malaria wasiolipwa mshahara.

Umeme ulirudi. Watu walipiga vigelegele barabarani, na mimi nikawa na kazi ya friji mpaka usiku wa manane. Mfuko sikuugusa. Nilikuwa natoa mayai mawili matatu kila Ijumaa, nayatazama, nayarudisha. Katika wiki ya tatu ya Machi masika yakafungua, na Ijumaa ile, kati ya mayai matano, manne yalikuwa na pete.

Nilikinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, nikaacha ya mwanzo yapite yaoshe vumbi. Kipimajoto kilisoma nyuzi 24. Nikautandaza usumba kwenye beseni pana, nikamwaga maji taratibu mpaka yakafika vidole vitatu. Bibi alileta kigoda akakaa. Hatukusema kitu. Baada ya nusu saa hivi, karibu na ukingo, ganda moja lilitikisika. Likatikisika tena. Mkia ukatoka kwanza, ukapiga mara mbili, kichwa kikafuata, na yule mtoto akatulia chini akapumua. Nilibana pumzi. Akapanda. Akapanda mpaka juu, akagusa uso wa maji, akashuka nusu, akasimama pale katikati bila kushikwa na kitu chochote.

"Huyu ameiva," akasema bibi.

Kufikia jioni walikuwa thelathini na saba, na wanne tu ndio waliokuwa wanatambaa. Chakula chao cha kwanza ni watoto wa artemia, viumbe wadogo wa maji ya chumvi, ambao nao mayai yao huuzwa makavu kama vumbi na huanguliwa siku moja baada ya kutiwa majini. Ukiwatazama samaki wale wakila, matumbo yanageuka rangi ya machungwa ndani ya dakika. Wiki ya tatu madume wakaanza kupata rangi. Wiki ya sita wakawa wanashukia bakuli la usumba.

Usumba wa beseni sikuutupa. Niliukamua tena, nikaufunga, nikaurudisha kwenye mtungi kwa wiki nne. Nilipoutia maji mara ya pili walitoka ishirini na mmoja. Nikakausha tena. Mara ya tatu, mwezi wa Juni, walitoka wawili.

Mwaka 2011 nilirudi bondeni nikakuta dimbwi la ng'ombe limefukiwa. Malori yalikuwa yameleta kifusi wakati wa kiangazi, na msingi wa nyumba umeshachimbwa. Siwezi kumlaumu mwenye kiwanja. Alinunua ardhi, akaona shimo la udongo mkavu lisilo na mtu wala mnyama, akalijaza. Nani angemwambia lina wakazi? Samaki wanaoonekana miezi michache tu kwa mwaka hawana wa kuwasemea miezi iliyobaki. Hilo ndilo linalonifanya niandike: viko visima, miti na makaburi tunayojua kuyakwepa tunapojenga, na dimbwi la msimu halimo kwenye hesabu hiyo.

Tangu hapo kila mfuko wangu una karatasi yenye jina la dimbwi na tarehe. Samaki wa dimbwi moja siwachanganyi na wa jingine, hata kama kwa macho ni wamoja, wala siwamwagi popote palipo na maji. Wale wa dimbwi la ng'ombe wamekuwa wakizaliana kwangu vizazi vingi sasa, na nimewapa mifuko vijana wawili wa mtaani, wote wawili kwa sharti la karatasi.

Bibi hayupo tena. Mtungi upo, pale pale ukumbini, ingawa siku hizi tunakunywa maji ya friji. Mfuko wa mwaka huu unaegemea ubavu wake wa kushoto. Jana nimeufungua, nikautoa usumba kidogo kwenye kiganja, nikaliokota yai moja na kuliweka chini ya lenzi. Mwili umekamilika na mkia umezunguka. Jicho ni jeusi, lakini pete bado haijatimia. Ni uzi mwembamba tu upande mmoja. Nikalirudisha mahali pake, nikaufunga mfuko.